Boksi la Dhamana

Kra-kra-kra, ta! Mlio huo ulisikika usiku, saa ambayo mtoto amelala, na aliyeusikia alishika kifua, maana alijua umetoka chini ya miguu yake mwenyewe.

Mwanamke mmoja, jina lake Sikitu, alikuwa na baiskeli isiyokwenda popote. Ilisimama chumbani juu ya vyuma vyake, gurudumu likizunguka palepale. Aliinunua kwa ajili ya paja lililovunjika, kwa kuwa mtaalamu wa viungo alimwambia, mguu huu usipopata nguvu mapema, hutambeba mwanao mgongoni. Tena alikwisha kuanguka na mtoto huyo mara moja. Mara moja tu, lakini tangu siku hiyo hata kizingiti kilimtisha. Hushika ukuta, huomba Mungu, ndipo avuke.

Sasa, kwa mlio ule wa usiku, pedali imekwama. Karatasi ya duka ilisema dhamana ni mwaka mzima, na huu ulikuwa mwezi wa pili.

Asubuhi akaipakia baiskeli kwenye bajaji, akaenda dukani. Msimamizi wa duka, Bwana Mbonde, akaitazama akacheka.

"Dada, hii ni ya mazoezi ya ndani. Wewe umeiendesha hadi Kigoma?"

Foleni nzima ikacheka. Kisha Bwana Mbonde akauliza, boksi lake liko wapi? Bila boksi lake halisi, dhamana hakuna.

Boksi Sikitu alikuwa nalo, pana na imara, ila alikuwa amelitandika khanga, na ndimo mtoto alimolala. Angesemaje hayo mbele za watu? Akarudi na chuma chake.

Nyumbani akaisoma ile karatasi, mara ya kwanza, mara ya pili, na yale maandishi madogo kama sisimizi akayafuata kwa kidole. Alikuwa amefika kidato cha nne. Masharti alijua kuyasoma. Iliandikwa kifaa kirudishwe pamoja na boksi lake. Haikuandikwa popote kwamba boksi liwe tupu.

Siku ya pili dereva wa bajaji alishusha kwanza baiskeli, kisha boksi, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Likawekwa juu ya kaunta. Ndani yake mtoto alikuwa amelala, ngumi zimekunjwa.

Sikitu akalisukuma boksi polepole mbele ya msimamizi.

"Boksi lako hili hapa, Bwana Mbonde. Kama unalitaka tupu, mtoe wewe mwenyewe aliyemo."

Hakuna aliyecheka. Bwana Mbonde alimtazama mtoto, akaitazama foleni, na mkono wake haukuinuka. Akaagiza baiskeli mpya iletwe kutoka stoo. Kisha akainama na kunong'ona, chukua, dada, lakini niahidi hutamwambia mtu mwingine. Wakija wote na haki zao, mimi nitauza nini?

Enyi mnaosikia, mtu akitoa dhamana kisha akaomba isijulikane, amemdhamini nani?

Sikitu alimfunga mwanawe mgongoni, akaegemea kaunta, akajibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, kwa mtu wa mwisho wa foleni: "Naahidi, Bwana Mbonde. Zaidi ya hawa, sitamwambia mtu mwingine."