Mihogo ya Bi Siwema

Jumuiya ya wafanyabiashara, ile inayolinadi jiji kwa wawekezaji, ilikuwa ikingoja wageni. Mwenyekiti, Bwana Lyatuu, akashuka kumfukuza Bi Siwema, muuza mihogo wa mlangoni pa ofisi yao.

“Toka na moshi wako, mama! Utawakera wageni.”

“Natoka, baba. Ila wamefikia wapi, nisije nikawakera na huko?”

“Hoteli ya Bandarini. Usikanyage!”

“Ahsante, baba.”

Kesho yake wageni walichelewa mkutanoni. Wakaingia vidole vinang'aa mafuta, wakihema kwa pilipili.

“Mwenyekiti,” akasema mkubwa wao, “yule mama wa mihogo nje ya hoteli anasema kituo chake ni hapa mlangoni kwako. Mbona hayupo?”

Bwana Lyatuu alitoka mbio, akarudi na suti yake, gunia la mihogo begani. Bi Siwema alimfuata na karai.

“Taratibu, baba. Uchumi wa jiji huo, usije ukaudondosha.”