Dakika Moja ya Bi Mwanaidi

Kaeni vizuri, na mwenye simu aiweke kando, maana hii ni habari ya simu na mwishoni nitazihitaji akili zenu zote.

Huko Tanga, katika nyumba ya Bi Mwanaidi, walibaki watu watatu. Sikudhani, bintiye mkubwa, alikuwa na jicho: akiingia sebuleni anajua kiti kipi kimesogezwa. Mbaraka, mdogo wake, alikuwa na mikono. Alichokifungua alikifunga, na hakubaki na skrubu kiganjani. Tausi, mke wa Mbaraka, alikuwa na kumbukumbu. Neno likimwingia halitoki, hata likiwa tusi, na katika nyumba ya mama mkwe hilo ni balaa.

Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa India, akingoja kupasuliwa moyo. Alisema atapiga simu ya video mchana, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Kila mmoja wa wale watatu alitaka kumwomba radhi. Sikudhani ndiye aliyemlazimisha kusafiri, mama akilia kwamba hataki. Mbaraka alioa bila idhini yake, na hajawahi kumwambia samahani. Tausi alimjibu vibaya usiku wa kuamkia safari, na asubuhi mama mkwe akaondoka bila kumpa mkono.

Mchana ule intaneti ikakatika. Mtandao wa simu nao haukuwapo, mvua ilikuwa imeuzima mnara wa mtaa tangu asubuhi, kwa hiyo hata fundi wa kampuni hakuweza kupigiwa. Walizima umeme wakawasha, kama mnavyofanya nyote. Wapi!

Na ruta yenyewe ilikuwa wapi? Ndani ya kabati la vioo, pamoja na vyombo vya wageni. Bi Mwanaidi aliiona ni kitu cha thamani, akaivisha kitambaa cha kufuma, akalifunga kabati, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Kanga hiyo ilikuwa India.

Sikudhani akasogeza uso kwenye kioo, akatazama kwa muda.

"Taa nyekundu inawaka chini ya kitambaa," alisema, "na kioo hapa ni cha moto. Tatizo haliko nje. Imezidiwa na joto humu ndani."

Bila jicho lake wangekaa kumngoja fundi.

Mbaraka alikwishashika nyundo. Dada yake akamzuia. "Ukimvunjia mama vyombo vyake leo, utamwambia nini?" Mbaraka akaiweka chini. Akalivuta kabati taratibu, akabandua ubao wa nyuma kwa ncha ya kisu cha jikoni, akaitoa ruta katikati ya mabakuli bila hata moja kugongana. Akaipepea kwa kipepeo cha jiko hadi ikapoa. Bado nyekundu. Akachomeka pini kwenye kile kitundu cha nyuma, nayo ikazima, ikaamka, imesahau kila kitu. Sasa ilidai jina na nywila ya kampuni.

"Umeimaliza," alisema Sikudhani, mikono kichwani.

"Andika," alisema Tausi.

Siku ruta ilipofungwa, Bi Mwanaidi alimtuma amsomee fundi karatasi ya kampuni. Aliisoma mara moja tu. Sasa akazitaja herufi na tarakimu zote bila kusita, mumewe akiandika. Taa ikageuka kijani.

Simu ikaita pale pale. Uso wa Bi Mwanaidi ulikuwa mdogo ndani ya kofia ya hospitali.

"Nimepiga na kupiga," alisema. "Nesi kanipa dakika moja. Masikio yangu mnayajua, mkisema wawili sisikii hata mmoja. Nani amenirudishia simu? Huyo abaki nami, wengine watoke."

Sikudhani aliuma mdomo. Mbaraka aliitazama mikono yake. Tausi alikwishaanza kwenda mlangoni, kwa vile katika nyumba ile hajawahi kuchaguliwa. Mimi roho iliniuma kwa ajili yake, lakini msimpe simu kwa sababu roho yangu imeuma. Wale wawili ni watoto wa mama yule, nao wamebeba mizigo yao.

Dakika inakwenda, na nesi keshashika kitanda. Simu ingekuwa mkononi mwako, wewe ungempa nani?