Kadhi Aliyetaka Kuona Damu

Palikuwa na kadhi katika mji mmoja wa mwambao, jina lake Burhani, mvivu wa kila kitu isipokuwa kula. Kilemba chake kilikuwa kikubwa kuliko akili iliyokuwa chini yake. Bwana huyu alijitungia sheria ambayo hamtaikuta katika kitabu chochote, hata mkipekua mpaka mpofuke: mke asije kumshtaki mumewe barazani kwake mpaka damu imwagike. Mume kakutukana? Nenda kavumilie. Kakunyima chakula? Funga saumu, utapata thawabu. Kakukimbiza na panga? Mshukuru Mungu una miguu. Kisha huyoo, anarudi kwenye kahawa yake, na waume wa mji wanamsifu kwa hekima. Hekima! Mbuzi wangu wa nyumbani angehukumu vizuri zaidi, na ndevu anazo.

Katika mji huohuo alikuwapo Mafunda, muuza vitumbua, mwanamke mwembamba asiyekopesha jibu. Mumewe, Sudi, alikuwa mchuuzi wa nazi na rafiki mkubwa wa kadhi. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana kwa mkewe, na mzito sana kwa kazi. Mafunda alitaka kitu kimoja tu: talaka, arudi kwa mama yake angali mzima. Sudi hakutaka hata kusikia. "Nikuache, halafu nani atanipikia?"

Basi siku moja wali uliungua kidogo chini. Sudi akanyakua mchi wa kinu, akamrushia mkewe kichwani. Mafunda akainama, mchi ukapasua mtungi wa maji. Hakulia. Aliuokota mchi, na kulipokucha akaubeba hadi barazani. Akamkuta mumewe keshafika, kakaa ubavuni mwa kadhi, wanakunywa kahawa.

"Una nini tena wewe?" kadhi akauliza.

"Nataka talaka, Bwana Kadhi. Mume wangu kanirushia mchi huu jana."

Kadhi akamgeukia Sudi. "Kweli, bwana?"

"Kweli. Kwani nini? Nyumba yangu, mchi wangu."

"Umekupata?" kadhi akamuuliza Mafunda.

"Niliinama."

"Basi si umesalimika? Mashtaka ya nini?"

"Na kesho?"

"Kesho inama tena."

"Na nikichelewa kuinama?"

"Hapo damu itatoka, utakuja, nami nitakusikiliza."

"Nije kwa miguu, Bwana Kadhi, au nije kwenye jeneza?"

Watu barazani wakaguna. Kadhi uso ukamwiva.

"Una mdomo wewe! Hapana damu, hapana kesi. Mchi uliopita hewani ni upepo tu, nami sihukumu upepo. Nenda kampikie mumeo."

"Na wali usiungue," akadakia Sudi, akachekacheka, mjinga yule.

Mafunda aliingiwa na hofu. Jioni angerudi nyumba ileile, kwa mume aliyekwisha kuambiwa na kadhi kwamba kurusha si kosa. Hofu ikageuka hasira. Akasimama kama mtu anayejiondokea. Alipofika mlangoni akageuka, akaurusha mchi kwa nguvu zake zote. Alilenga juu kwa makusudi. Mchi ukapita juu ya kilemba, ukagonga dele la kahawa lililokuwa rafuni, kahawa ya moto ikammwagikia Sudi mapajani. Kadhi akajitupa chini ya meza, kilemba huku, mwenyewe kule.

"Mkamateni! Muuaji! Kataka kuniua!"

"Damu iko wapi?" Mafunda akauliza.

"Damu ya nini, mwendawazimu wewe! Ungenipata ningekuwa maiti! Mpaka nife ndipo nishtaki?"

"Si umepita hewani tu?"

"Hewani nini! Kosa ni kurusha! Kupata na kukosa ni mamoja!" Kadhi akatoka chini ya meza anatetemeka, kipara kinang'aa. "Karani, andika! Amrushiaye mtu mchi kichwani ni muuaji, awe amepata, awe amekosa. Atiwe gerezani leo hii. Na ndoa yake nimeivunja, maana hakuna binadamu anayelazimishwa kulala nyumba moja na mtu wa namna hii!"

"Na mtu akisema ni ugomvi wa nyumbani tu?"

"Hata kama ni wa chumbani! Nimehukumu, na sitengui. Karani, piga muhuri!"

Karani akapiga muhuri. Sudi, huku anapepea mapaja, alikuwa anatabasamu kuona mkewe anafungwa. Askari wakamshika Mafunda mikono, naye hakushindana nao hata kidogo.

"Nimeridhika, Bwana Kadhi, kila neno," akasema. "Twendeni gerezani. Ila mimi nimerusha leo, Sudi karusha jana. Atangulie yeye."