Upawa wa Bi Mize na Ukoko wa Harusi

Hapo zamani, na anayetafuna amalize kwanza maana hadithi hii ina chakula ndani yake, palikuwa na mji ulioitwa Chumvini. Watu wake walichemsha chumvi. Jua likiwaka, maji yalikolea mashimoni, wao wakayateka na kuyachemsha, kila mmoja akala jasho lake. Masika yakishuka, mashimo yalijaa maji ya mvua, na mchemsha chumvi akawa hana kazi, kama kinyozi katika mji wa vipara.

Lakini watu wa Chumvini hawakuwa wajinga. Walijenga ghala. Kila mwenye kazi alitia humo fungu lake la mtama. Aliyekosa kazi alikwenda kutundika kifaa chake kwenye ukuta wa ghala, watu wote wakione. Maadamu kifaa kiko ukutani, mwenyewe alipimiwa pishi ya mtama kila Ijumaa. Akipata kazi, alikuja kukishusha na pishi ikakoma. Hata watoto waliimba: "Kifaa ukutani, pishi kikapuni! Kifaa mkononi, pishi ghalani!"

Sasa mwaka mmoja masika yalikuja yakakataa kuondoka. Bi Mize, mjane mwenye watoto wadogo, alitundika upawa wake pamoja na wenzake. Ulikuwa upawa wa kifuu alioachiwa na mama yake, mpini umelainika kwa viganja vya wanawake wawili. Na Chumvini mtu hakuchemsha kwa upawa wa kuazima. Walisema chumvi yake haigandi.

Basi, na watu wasio na kazi hufanya nini? Huoa! Masika yale harusi zilifuatana, na hakuna aliyejua kupika ubwabwa wa harusi kumshinda Bi Mize. Akaitwa. Mpishi wa harusi hakulipwa, maana ni jirani anasaidia jirani. Ila sufuria ikishapakuliwa, ukoko ni wake, aukwangue aende nao nyumbani.

Bi Mize alikuwa mtu wa kuogopa lawama za watu. Kabla ya kushika mwiko, Ijumaa, alimwendea Shaweji, mpimaji wa pishi.

"Bwana Shaweji, nimeitwa kupika harusini. Nishushe upawa?"

"Utapewa nini?"

"Ukoko."

Shaweji alicheka mpaka pishi ikamtikisika mkononi. "Bi Mize, ukoko nao ni ujira? Ukoko ni wa mpishi tangu dunia iumbwe. Acha upawa wako ukutani, lete kikapu, watu wanangoja nyuma yako."

Akaleta kikapu.

Harusi ya kwanza, Bi Mize alipika, akapata ukoko, na Ijumaa akapata pishi. Harusi ya pili, alipika, akapata ukoko, na Ijumaa akapata pishi. Harusi ya tatu hali kadhalika, na ya nne, mpaka masika yakawa yanakata roho. Na katika kila harusi, kwenye jamvi la mbele, alikaa Mwinyikondo, mshika ufunguo wa ghala. Alimwona Bi Mize jikoni. Aliuona ukoko ukikwanguliwa. Akasema moyoni, "Huyu anakula huku na huku." Mdomoni hakusema kitu, maana ulikuwa umejaa ubwabwa.

Ijumaa moja mtama uliisha kabla ya foleni. Wa mwisho alikuwa Ngwali, mchimba visima. Nani achimbe kisima mvua inanyesha? Kamba yake ilikuwa ukutani tangu wingu la kwanza. Alifika na kikapu, akakuta mpimaji anakwangua sakafu.

"Fungu langu liko wapi?" akauliza.

Hapo Mwinyikondo akapata ulimi. "Fungu lako ameliramba Bi Mize! Masika yote anafanya kazi ya upishi na ujira anachukua, huku upawa ukutani. Arudishe pishi zote alizopimiwa tangu harusi ya kwanza. Na mpaka arudishe, upawa wake haushuki."

Tazameni alivyonaswa. Jua lilikuwa limeanza kutoka na wenzake wanashusha vifaa. Bila upawa hachemshi. Asipochemsha halipi. Asipolipa hapewi upawa. Na mtama wenyewe ulishakuwa nyama na mifupa ya wanawe. Bi Mize aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona aibu, maana foleni nzima ilikuwa ikimtazama, na Ngwali alimtazama kuliko wote.

Lakini Chumvini palikuwa na desturi moja zaidi. Asiyekubali neno la ghala alikwenda akakipindua kifaa chake palepale ukutani, juu chini, na kikishapinduliwa haguswi mtu wala kifaa mpaka baraza likae. Bi Mize alikwenda ukutani. Akaupindua upawa.

"Loo! Bi Mize kapindua!" Soko likahamia ghalani.

Baraza likakaa, likiongozwa na Bi Kiponda, mchemsha chumvi mkongwe asiyependa maneno marefu. Akasema, "Mwenye upawa aanze."

Bi Mize akasimama. "Mtama nimeula, sikatai. Lakini niliuliza. Mwizi gani anabisha hodi? Kazi yangu mimi ni chumvi, na masika yote sikuchemsha hata punje. Mpimaji kaniambia acha, nami nikaacha."

"Kweli hiyo," watu wakaitikia.

"Ukoko uliupeleka wapi?" akauliza Bi Kiponda.

"Nyumbani."

"Mkala?"

"Tukala."

"Mkashiba?"

"Siku hizo, ndiyo. Tulishiba."

Watu wakaguna.

Akasimama Shaweji. "Nilisema, sikatai. Lakini niliulizwa harusi moja! Nilijua mji mzima utaoana? Ukoko wa sufuria moja ni kionjo. Ukoko wa masika mazima ni chakula. Angerudi kuniuliza. Na huo mtama, mimi sikuonja."

"Kweli hiyo nayo."

"Nirudi kuuliza mara ngapi jambo nililokwisha kujibiwa?" Bi Mize akamgeukia. "Kila Ijumaa ulikuwa wewe unanipimia, na kila Ijumaa ulinipa pole ya moshi wa jikoni. Hukujua moshi ule watoka wapi?"

Shaweji akaketi.

Akasimama Mwinyikondo. "Nilinyamaza, sikatai. Lakini mimi nimepewa ufunguo, sikupewa sufuria za watu nizichungulie. Ningesema harusi ya kwanza, mngeniambia nina roho mbaya, namfitini mjane kwa ukoko. Nikangoja niwe na hakika."

"Kweli hiyo nayo," wakasema, ingawa si wote.

"Ungeniambia harusi ya kwanza," Bi Mize akasema, na sasa machozi yalikuwa karibu, "ningerudisha pishi moja, nikakushukuru. Umeniacha nizame mpaka shingoni, ndipo ukanipigia kelele nimelowa."

"Na ubwabwa Mwinyikondo alirudia sahani ya pili!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na baraza likaangua kicheko.

Aliyekuwa hacheki ni Ngwali. Alingoja wanyamaze, kisha akasimama. "Aliyekula hakatai. Aliyesema hakatai. Aliyenyamaza hakatai. Sijaona mji wa wakweli kama huu. Lakini kamba yangu nayo iko ukutani, na wanangu hawasongi ugali wa ukweli." Akakiweka kikapu chake kitupu katikati ya wale watatu, akaenda kukaa.

Mzee mmoja mpenda suluhu akasema wagawane deni hilo watatu sawasawa, yaishe. Bi Kiponda akamuuliza, "Aliyekula kwa njaa na aliyenyamaza kwa shibe, tuwapime kwa pishi moja?" Mzee akakaa chini. Mwingine akasema Bi Mize asamehewe, ghala limeze hasara. Bi Kiponda akamwonyesha kikapu. "Ghala limeshaimeza. Hiyo hapo." Naye akakaa.

Mvua ilikuwa imekatika. Jua likapanda ukuta wa ghala, likapita kwenye misumari mitupu ya walioshusha vifaa, likafika kwenye kamba ya Ngwali na kwenye upawa uliopinduliwa. Bi Kiponda akafumbua kinywa kutoa hukumu.

Na mimi hapa ndipo ninapofumba changu. Msinitazame hivyo. Aliyenisimulia alidai hukumu ilitolewa, ila alikataa kunitajia, akasema kila baraza lina yake. Wewe unayetikisa kichwa, mbona hukuitikia "kweli hiyo nayo" na wenzako? Mmewasikia wote watatu, na kikapu kiko palepale Ngwali alipokiacha.

Je, nani akijaze? Na upawa wa Bi Mize, jua hilo limewaka, ushuke au ubaki?