Mkeka Aliouvuta Nyamizi

Mgonjwa hatandikiwi mkeka wa matanga. Jana mlimsikia mjomba wenu akimwambia jirani maneno hayo, mkadhani anamtukana, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Yametoka nyumbani kwetu Maneromango, wajukuu zangu, kinywani mwa mtu aliyekasirika. Nami ninayewasimulia hasira yangu haijaisha.

Mwaka huo mama yangu, Chausiku, alipasuliwa moyo Dar es Salaam, akabadilishwa vali, kile kilango cha kupitisha damu. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alitueleza vizuri. Atembee kila siku, kidogo kidogo. Asibebe kizito mpaka mfupa wa kifua uunge. Kikohozi kikimjia akumbatie mto, akohoe bila woga, asije akajaa makohozi mapafuni. Mama alitoka pale kwa miguu yake mwenyewe, akimtania dereva wa teksi.

Tulipofika nyumbani tukakuta mikeka imetandikwa kuanzia barazani hadi uani. Dada za marehemu baba wamekaa juu yake, miguu wameinyoosha, kanga wamejifunga viunoni, na sufuria la shughuli linatokota. Shangazi Mwavita, mkubwa wao, alimpokea mama kwa kilio. Akasema mtu akishafunguliwa moyo, pumzi anazovuta ni za kuazima. Wageni nao kila mmoja akaja na maiti wake: huyu shemeji yake alipasuliwa akafa kwa kikohozi, yule jirani yake alidondoka bafuni. Watu wazima, wenye akili zao, wanamfariji mgonjwa kwa vifo! Nikikumbuka napandwa na mori.

Mama akaacha kutembea. Akishika kikombe wanampokonya. Kikohozi kikimjia anakibana, maana aliambiwa kifua kitafumuka. Niliporudia maneno ya muuguzi, Shangazi Mwavita akaniuliza udaktari nimesomea wapi. Mama mwenyewe akaniambia nimwache, watu wote hao hawawezi kuwa wamekuja bure. Hapo ndipo nilipoogopa. Yeye aliyemwamini daktari afungue kifua chake, sasa alikuwa anaiamini mikeka.

Ndipo akatokea Nyamizi. Alikuwa Mnyamwezi, muuza asali wa hapo kijijini, na mnajua sisi Wazaramo na wao ni watani. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko na kudai urithi, wala hakuna wa kumkasirikia. Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwao Tabora, habari za upasuaji hana. Alipoona mikeka na sufuria, na Chausiku mwenye nyumba haonekani, akadhani amekufa, akaanza kazi yake. Akajitupa mkekani, akadai kitanda cha marehemu, akadai na mbuzi, akamlaumu Mzaramo mchoyo aliyekufa bila kuaga ili asigawe kitu. Watu wakainamisha vichwa. Mara chumbani kikasikika kikohozi kidogo, kimebanwa.

Nyamizi akageukia mlango wa chumba. Kisha akauliza, "Nani huyo?"

"Ni wifi yetu," Shangazi Mwavita akajibu. "Amepasuliwa moyo. Tumekaa, tunasubiri."

"Mnasubiri nini?"

Nyamizi akainuka, akaushika mkeka mkubwa akauvuta, na Shangazi Mwavita akabaki chini kwenye vumbi.

"Mmenifanya nimlilie mtani wangu naye yu hai," akasema. "Mgonjwa hatandikiwi mkeka wa matanga. Anayetaka kukaa hapa akae kwenye kiti, amuulize Chausiku leo atakula nini. Asiye na la kumuuliza arudi kwake."

Walisema hana adabu. Hakugeuka. Aliingia chumbani, akampa mama mto, akamwambia akohoe.

"Nitafumuka, Nyamizi."

"Wewe si gunia. Kohoa, nimekushika."

Mama akakohoa, jasho likamtoka, akakohoa tena. Akajipapasa kifuani. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, mto kaukumbatia. "Kumbe kimeshika," akasema.

Tangu hapo Nyamizi alikuja kila asubuhi kumshika mkono na kumtukana: mpaka mlangoni, mpaka barazani, mpaka barabarani. Mama alitembea ili apate kumjibu. Shangazi Mwavita alinuna, hakukanyaga kwetu mpaka Ramadhani. Alipokuja alikaa kwenye kiti.

Ule mkeka mkubwa mama aliukunja akauweka darini. Miaka ikapita, Nyamizi akafa. Mama akaushusha, akajitwika mwenyewe, akakataa kupokewa na mtu, akaenda nao kwa miguu hadi msibani. Akautandika. Watu wakangoja mama, mtani wake, adai asali ya marehemu. Mama hakudai kitu, akakaa juu ya mkeka akalia.

Basi mjomba wenu hakumtukana mtu. Mume wa jirani amerudi juzi kutoka hospitali, yuko ndani amelala, na asubuhi hii nimeiona mikeka bado iko barazani kwao. Inukeni, kila mmoja abebe kiti, twende. Mgonjwa hatandikiwi mkeka wa matanga.