Dereva Aliyezidisha Mwendo Ili Aamkiwe

Tulieni niwape kisa cha dereva mmoja. Mfano huu msihangaike kuutafuta kwa wahubiri wenye digrii zao, hawana. Wao lori la petroli wanalijua kwa kupishana nalo tu.

Dereva huyu alikuwa mtu mzima, mvi hadi masikioni, mke amekwishamzika, watoto kila mmoja na mji wake. Kazi yake ilikuwa kupeleka petroli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora. Na petroli, ndugu zangu, ina sheria zake. Dereva wa simenti anaegesha mbele ya mama lishe, anakula ugali huku anataniwa. Wa petroli, thubutu! Pale kuna moto, pale watu wanavuta sigara. Yeye anaegesha kule mbali na watu, chakula anafungiwa kwenye mfuko, anakwenda kukila peke yake kimeshapoa. Abiria marufuku. Mwendo, themanini mwisho. Penye makazi, hamsini. Na tajiri wake alikuwa amefunga kidude garini kinachopeleka mwendo wote ofisini, anasomwa huko kama joto la mgonjwa.

Siku moja, katika nyika iliyo mbele ya Itigi, mteremko ukamfikisha tisini bila kukusudia. Simu ikaita. Utaratibu wao, simu ya ofisi ikiita, uegeshe kwanza ndipo upokee. Akaegesha.

"Shikamoo baba," ikasema sauti ya binti wa ofisini anayesoma mwendo wa malori.

Hapa nisikilizeni. Yule binti alikuwa amepiga ili amkaripie. Lakini mtoto aliyelelewa atamkaripiaje mtu mzima kabla ya kumwamkia? Nyie mngeweza?

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nakusoma tisini. Umebeba petroli hiyo, si mahindi."

"Mteremko, mwanangu."

"Na breki hukupewa? Hilo onyo la kwanza. Yakifika matatu unasimamishwa. Umekula lakini?"

"Bado."

"Haya, ukale. Safari njema."

Mzee akabaki ameishika ile simu. "Umekula?" Swali hilo hakuwa ameulizwa tangu siku ya msiba wa mkewe.

Mnadhani safari iliyofuata alifanya nini? Alifika nyika ileile, akatazama mbele, akatazama kioo, barabara tupu. Akakanyaga. Themanini na tano. Tisini. Tisini na mbili. Kisha akaondoa mguu, akaegesha, akaiweka simu mapajani. Mtu mzima na mvi zake anasubiri kukaripiwa kama mwingine anavyosubiri jibu la posa!

"Shikamoo baba. Na leo ni mteremko?"

"Leo upepo, mwanangu."

"Upepo!" Binti akacheka, halafu akakumbuka yuko kazini. "Onyo la pili hilo. Nakuomba, baba. La tatu si langu tena, linakwenda kwa meneja."

Mzee alijua. Bila lori lile, nani angemwajiri kwa umri ule? Safari ya tatu akajiapiza kwamba hatazidi. Dodoma akashusha nusu ya mzigo, Manyoni akapita na hamsini yake, nyika akaiingia na sabini na tano. Ikapita saa nzima. Hakuna hata mtu wa kumpungia mkono. Mguu ukaenda wenyewe.

Alikuwa kwenye tisini na tano ng'ombe walipotokeza kichakani. Akaikanyaga breki kwa nguvu zote. Sasa, petroli iliyo nusu tangi haisimami gari linaposimama. Yote ilikimbilia mbele kwa pamoja, ikalisukuma lori, likayumba, likakata barabara, likatulia limekingama. Hatua tatu mbele ya bampa alikuwa amesimama mama aliyekuwa akiswaga ng'ombe wale, fimbo mkononi.

Simu ikaita.

"Shikamoo baba." Sauti imekauka.

"Marahaba."

"Kila safari nyika hiyohiyo. Unazidi dakika mbili, halafu unasimama mwenyewe. Kwa nini, baba?"

Visingizio vikamwishia. "Nilitaka kuamkiwa," akasema.

Binti akaandika ripoti. Ndiyo, aliandika! Mlitaka amfiche? Na yule mama wa ng'ombe tungemfanyaje? Mzee akasimamishwa kazi, tena kwa haki kabisa, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akawa anatazamana na ukuta. Wiki ya pili, simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimezidi wapi tena, mwanangu? Lori si mmeshalichukua?"

"Hujazidi popote, baba. Nimekupigia tu. Umekula?"

Wapendwa, mtu aliyekuwa na jibu la mteremko na jibu la upepo, hapo alisema tu, "Bado, mwanangu."

Haya, sisi sasa. Mjane mmoja wa usharika huu alikaa miaka mitatu hakuna mzee wa kanisa aliyepiga hodi kwake. Siku alipoonekana kwenye kilabu cha pombe, tulikwenda watu wanane, mimi nikiwa mbele na Biblia yangu kubwa. Alitupokea kwa furaha mpaka nikashangaa. Akatandika kitambaa cha meza. Tulikwenda kumwonya, yeye akatuchemshia chai! Nikarudi nyumbani nikasema, mwanamke huyu hana aibu. Ndivyo nilivyosema, mimi huyu.

Sheria ya mwendo ni njema, silegezi hata nukta. Lakini sisi tumekuwa ofisi inayopiga simu watu wakizidi tu. Anayekwenda na sabini yake, kimya, peke yake, mwaka mzima, nani anajua kama amekula? Tukitoka hapa leo, kila mmoja wetu ampigie mtu ambaye hajakosa lolote. Na akianza kujitetea kabla hatujamaliza salamu, tujue ni sisi tuliomfundisha.