Kwa Nini Pazia la Mlango Haligusi Sakafu

Msidhani mafundi wa kale walipungukiwa kitambaa. Zamani pazia la mlango lilishuka mpaka likafagia sakafu, na kadiri lilivyoburuzika ndivyo mwenye nyumba alivyosifiwa.

Wakati huo aliishi Mwana Rehani, fundi wa mapazia, na mwanawe wa pekee, Shebwana. Siku moja waligombana, na mama akatamka neno lisilorudishika: "Usikanyage tena mlangoni kwangu." Kijana akachukua kikapu chake akaenda zake. Hasira hasara, jamani. Wiki haijaisha, mama alikuwa akimtafuta mji mzima, wala hakumpata.

Miaka kumi na miwili ikapita, masikio ya mama yakaziba. Lakini moyo ulimwambia mwanawe atarudi, basi akashona pazia la kumpokea. Alilitia darizi ya maua ya kilua kwa uzi mwekundu, akaliacha refu kuliko mapazia yote ya mji. Akalitundika, akakaa nyuma yake kungoja.

Na Shebwana akarudi kweli. Adhuhuri moja alisimama nje ya pazia lile, akapiga hodi. Mama alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, anatunga uzi kwenye sindano, hakusikia. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Nanyi mnaijua ada yetu, hodi tatu zisipoitikiwa mtu huondoka. Tena yeye alikuwa amekatazwa mlango ule, angelifunuaje pazia? Alimsikia mama akikohoa ndani, akaamini hajasamehewa.

Alasiri jirani wa mama, Bi Mize, akaja kumsemea sikioni: "Shoga, hata karibu umemnyima mwanao? Amepita kwangu analia."

Mama alitoka mbio kichwa wazi. Msafara aliokuja nao Shebwana ulikwisha kuondoka, na hakuna aliyejua ulikoelekea.

Akarudi, akashika mkasi, akalikata pazia usawa wa muundi wa mguu. "Masikio sina," alisema, "lakini macho bado ninayo." Akawa anakaa chini akitazama nyayo za kila aliyesimama mlangoni. Za mwanawe angezijua, kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na ukucha. Alizitazamia mpaka akafa, hazikuja.

Mji mzima ukamwiga, na tangu hapo pazia la mlango huachwa fupi chini. Ndiyo maana mama zetu, wakiona miguu imesimama nje, hawangoji hodi ya tatu. Husema karibu kabla hawajajua ni nani.